Lenzi za tundu kubwa kwa picha za usiku Dodoma: hamsini, thelathini na tano, themanini na tano au zumu?

Jua la Dodoma halina machweo marefu. Tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo likishazama, kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 kutegemea mwezi, hesabu dakika ishirini na kitu na giza limeshika. Kwa mpiga picha hapo ndipo kazi yenye pesa inapoanza: sendofu, harusi, chakula cha usiku cha wageni wanaojaa mjini Bunge la bajeti likiwa linaendelea, mkesha wa Pasaka. Na kila anayeingia kwenye kazi hizi huuliza swali lilelile: ninunue lenzi gani ya kupigia gizani?

Jibu langu nalitoa mapema. Usianze na namba ya f, yaani ile inayoonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi. Anza na umbali uliopo kati yako na unayempiga, kisha jiulize kama anacheza au ametulia. Ukishajibu hayo mawili, mara nyingi utajikuta kwenye f/1.8, na wala hutahitaji f/1.4, sembuse f/1.2.

Hesabu yenyewe ni hii. Namba ya f inakwenda kinyumenyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55mm (milimita hizo ni urefu wa fokasi: zikizidi, lenzi inavuta karibu na kuona upana mdogo) inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia inafungua hadi f/3.5 ukiwa kwenye 18, ila ukivuta hadi 55 inaishia f/5.6. Chukua ukumbi wenye mwanga hafifu ambamo f/2, shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/125 ya sekunde na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1600 vinakupa picha safi. Kwa f/5.6 mwanga unaoingia ni sehemu moja tu ya nane. Una mawili ya kuchagua: ushushe shata hadi 1/15, bibi harusi anayecheza atoke kama mzuka, au upandishe ISO hadi 12800, na kwenye kamera ya miaka kumi iliyopita uso wake ujae chengachenga. La tatu ni fleshi, nalo nitalifikia.

Sasa panda ngazi. Kutoka f/2.8 hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara mbili na nusu. Hiyo ni tofauti unayoiona kwa macho. Kutoka f/1.8 hadi f/1.4 unaongeza kama theluthi mbili. Kutoka f/1.4 hadi f/1.2 ni theluthi moja na kidogo. Faida inapungua kila ngazi, lakini bei haijui hilo, na uzito pia haujui: Canon EF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160, EF 50mm f/1.4 USM gramu 290, EF 50mm f/1.2L inakaribia gramu 600. Shingo yako ndiyo itakayoujua huo uzito ikifika saa 5 usiku na MC bado anaita makundi ya zawadi.

Atatokea wa kusema simu yake ina f/1.8, tena kuna za f/1.6. Ni kweli zinazo. Lakini namba ya f ni uwiano tu kati ya upana wa tundu na urefu wa fokasi wa lenzi, na kwenye simu urefu huo ni milimita chache. Sensa nayo ni ndogo mara nyingi kuliko ya kamera, kwa hiyo mwanga wote unaokusanywa ni mdogo hata kama namba zinalingana. Simu inafidia kwa kupiga fremu nyingi mfululizo na kuzichanganya. Ndiyo maana stesheni ya SGR usiku inatoka vizuri kwenye simu hadi unaona wivu, na ndiyo maana kamati ya harusi ikiingia ukumbini kwa kucheza, mikono yao yote inageuka moshi.

Hamsini au thelathini na tano

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kamera nyingi za kuanzia zina sensa ya kropu, iliyo ndogo kuliko ile ya fulu fremu, yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm. Kwenye Canon ya kropu, lenzi ya 50mm inaona kama 80mm ingeona kwenye fulu fremu. Kwenye Nikon na Sony za kropu, kama 75mm. Ule usemi kwamba hamsini inafaa kwa kila kitu ulitoka kwa watu wa filamu na fulu fremu. Ukiubeba kwenye kropu unakwenda nao ukumbini na kugundua kwamba huna pa kusimama.

Afadhali tupime kwa mita. Simama mita nne kutoka meza ya keki, kamera umeilaza. 50mm kwenye Canon ya kropu inaona upana wa mita 1.8 hivi: bwana, bibi na keki, wasimamizi wako nje. 35mm kwenye Nikon ya kropu inaona mita 2.7, na wasimamizi wote wawili wanaingia bila kubanana. 50mm kwenye fulu fremu inaona mita 2.9, karibu sawa na hiyo 35 ya kropu. 85mm kwenye fulu fremu ni mita 1.7. Na 85mm kwenye Canon ya kropu ni mita moja tu na sentimita chache, mtu mmoja na bega la jirani yake.

"Si urudi nyuma?" Urudi wapi? Nyuma yako yuko mpiga video na stendi yake, pembeni kuna spika, na katikati wamesimama mashangazi na simu zao, ambao kwao wewe ndiye unayeziba. Kwenye kumbi zetu nyingi mita nne za uwazi mbele ya keki ni bahati.

Kwa hiyo, kama una Nikon ya kropu, sioni sababu ya kusumbuka: AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2009, ina gramu 200, bei yake ni ya kistaarabu, na ina mpira mwembamba pale inapofungwa kwenye bodi ya kamera. Mpira huo si wa kuzuia mvua ya masika, ila kwa vumbi la hapa unasaidia. Angalizo moja kwa wenye D3000 na D5000 na ndugu zake, yaani D3300, D5300 na kadhalika: bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni nafuu, itafunga na picha itatoka, lakini fokasi utazungusha kwa mkono usiku kucha. Tafuta herufi za AF-S. Hata ukihamia Nikon Z baadaye, za AF-S zitaendelea kujifokasi kupitia adapta ya FTZ, za D hazitajifokasi.

Mwenye Canon ya kropu hana jibu jepesi kama hilo. EF-S 24mm f/2.8 STM ni ndogo kama kifuniko, gramu 125, na kwa umbali wa mita nne inaona mita 3.7, ila f/2.8 ni f/2.8. EF 35mm f/2 IS USM ni nzuri kwelikweli na ina kituliza mtikisiko, lakini bei yake ni ya ngazi nyingine. Na kituliza mtikisiko tuelewane: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Sigma 30mm f/1.4 DC HSM ya mwaka 2013 ndiyo ningeitafuta mimi kama ningekuwa na Canon ya kropu na kazi za ukumbini. Tundu kubwa, upana unaofaa. Yongnuo wana 35mm f/2 yao ya bei ya chini. Picha inazotoa si mbaya, lakini fokasi yake kwenye mwanga wa ukumbi inahangaika huku na huko, na wakati inahangaika busu limekwisha.

Bado, wengi wataanza na Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, na sitawalaumu, kwa sababu hakuna lenzi nyingine mpya ya Canon inayokupa kiasi hicho cha mwanga kwa pesa hiyo. Ukiikuta ile ya zamani, EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, ikiuzwa pembeni yake kwa bei pungufu kidogo, acha ya zamani. Ile ina mguu (sehemu inayofungwa kwenye kamera) wa plastiki, mota inayolia kama mashine ya kunyolea, na pazia la tundu lenye vipande 5. Taa za nyuma zikififia zinaonyesha pembe tano. STM ina mguu wa chuma na vipande 7, taa zinatoka duara zaidi. Kwenye sherehe iliyopambwa kwa vitaa vya kuning'inia, hilo linaonekana kwenye kila picha.

Wenye Canon mpya zisizo na kioo ndani, zinazotumia lenzi za RF, wana 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020, gramu 160 vilevile, na wana 35mm f/1.8 Macro IS STM ya mwaka 2018. Hiyo ya pili inasogea hadi sentimita 17 kutoka kwenye kitu. Ukipewa pete mbili na bibi harusi ambaye bado anapakwa poda, lenzi hiyo moja inamaliza kazi ya chumbani na ya ukumbini. Kwa Canon R yenye fulu fremu ningeinunua kabla ya hamsini. Kumbuka tu kwamba lenzi za EF zinaingia kwenye bodi za RF kwa adapta na fokasi inafanya kazi kama kawaida, ila za RF haziingii kwenye DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani, kwa namna yoyote.

Sony nitapita haraka. FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016 ni nafuu na picha zake ni kali, lakini fokasi yake ni ya polepole na ina kelele inayoingia hadi kwenye video. Kwa kropu za Sony chukua Sigma 30mm f/1.4 DC DN, gramu 265. Kwa fulu fremu, FE 35mm f/1.8 ikiwa mfuko unaruhusu.

f/1.4 inalipa lini?

Kabla hujalipia hiyo theluthi mbili ya mwanga, angalia inakula nini. Tundu likiwa kubwa, sehemu iliyo kali mbele na nyuma ya jicho inakuwa nyembamba. Kwenye fulu fremu, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, 50mm kwa f/1.8 inakupa kama sentimita 17 zilizo kali. Kwa f/1.4 zinabaki 13. 85mm kwa f/1.8 inakupa 6. Sentimita 6 zinatosha uso mmoja ulioelekea kwako. Hazitoshi bwana na bibi wakilishana keki, mmoja akiwa ametangulia mwenzake kwa nusu hatua. Ukimpata bibi kwenye fokasi, bwana analainika, na ndugu wa bwana ndio waliolipa.

Kwa hiyo kwenye matukio ya watu wawili na zaidi utajikuta unafunga hadi f/2 au f/2.8 hata kama lenzi yako ni ya f/1.4. Hiyo EF 50mm f/1.4 USM ya Canon, ya mwaka 1993, ina ubaya wa ziada: ikiwa wazi kabisa picha zake zina ukungu mwembamba unaotanda, na mota yake inajulikana kwa kuharibika ikigongwa mbele, kwa sababu pipa la ndani linachomoza wakati wa kufokasi. Ninaiona ikiuzwa mtumba kama lenzi ya wakubwa. Kati yake na f/1.8 STM mpya, mimi nachukua STM na chenji nanunua betri.

f/1.4 inalipa kwa mtu mmoja, aliyetulia, mwenye mwanga mmoja. Mtu anayeomba kwa mshumaa. Mama wa mishikaki mbele ya jiko lake, makaa yakimulika mashavu. Au mpiga zeze amekaa kwenye kigoda na kuna taa moja tu kibarazani. Kama hizo ndizo picha zako, Sigma 30mm f/1.4 kwenye kropu inakupa unachotafuta, na haigharimu kama hamsini za f/1.2.

Kuna faida nyingine ya tundu kubwa isiyotajwa kwenye matangazo: kamera ya DSLR inafokasi tundu likiwa wazi kabisa, hata kama umeweka f/4. Hapo lenzi ya f/1.8 inaipa mitambo ya fokasi mwanga mwingi wa kufanyia kazi, na wewe unaona vizuri kwenye tundu la kuchungulia. Kwa sisi tunaopiga ngozi nyeusi chini ya taa za zambarau za dijei, hiyo ni nusu ya vita. Fokasi inatafuta tofauti ya giza na mwanga. Iweke kwenye mstari wa nywele, ukingo wa kilemba au shela, usiiweke katikati ya shavu.

Themanini na tano

Canon EF 85mm f/1.8 USM imekuwepo tangu mwaka 1992, ina gramu 425, na bado ni kali na inafokasi haraka. Kosa lake ni rangi ya zambarau inayojitokeza kwenye kingo zenye mwanga mkali, na gauni jeupe mbele ya ukuta mweusi linaichokoza hasa. Kwa fulu fremu za Sony kuna FE 85mm f/1.8 ya mwaka 2017, gramu 371, yenye kinga ya vumbi na unyevu, na kwa kweli hiyo ndiyo bora kati ya zote za f/1.8 nilizozitaja kwa upande wa ukali na kasi.

Kwa nani? Kwa anayepiga kanisani. Kwenye mkesha wa Pasaka taa zinazimwa, waumini wanawasha mishumaa, na padri au mchungaji ameshasema hataki fleshi na hataki mtu atembee mbele. Unasimama kwenye nguzo ya pembeni, umbali ni mita nane au kumi, na hapo 85 inapata nyuso nzuri sana. Zima ile taa nyekundu au ya kijani inayomulika kusaidia fokasi, tafadhali. Inawaudhi watu kuliko mlio wa shata. Kwenye mahafali, mhitimu akipita jukwaani na wewe huruhusiwi kusogea, vilevile. Kwenye kropu, 85 ya ukumbini ni adhabu. Mwenye kropu anayetaka picha za sura anunue hamsini, ambayo kwake tayari ni themanini.

Zumu za f/2.8 na fleshi

Kuna kundi la wapiga picha wanaobeza praimu zote hizi, yaani lenzi za urefu mmoja usiobadilika, na kushika zumu ya f/2.8 pamoja na fleshi, nao ndio wanaopata kazi nyingi. Hawajakosea. Canon EF 24-70mm f/2.8L II ya mwaka 2012 ina gramu 805 na bei ya pikipiki. Tamron 28-75mm f/2.8 Di III RXD ya Sony, ya mwaka 2018, ina gramu 550 na bei ya kibinadamu zaidi. Harusi haikusubiri ubadili lenzi. Babu anaingia, mtoto anaanguka, MC anaita picha ya ukoo wa watu thelathini, yote ndani ya dakika moja, na zumu inayapata yote.

Isitoshe, picha ya ukoo inataka f/5.6 au zaidi ili mstari wa nyuma nao uwe mkali, na hapo f/1.4 yako haina kazi. Hapo ni fleshi. Ukumbini kwenye dari jeupe unaielekeza juu na mwanga unarudi laini. Tatizo la hapa kwetu ni maturubai. Sherehe nyingi za nyumbani ziko chini ya turubai la bluu, la kijani au la mistari, na fleshi ukiielekeza juu inarudi na rangi hiyo. Nyuso zote zinakuwa kama za wagonjwa. Na kama sherehe ipo uwanjani wazi hakuna cha kurudisha mwanga kabisa. Kwa mchana na alasiri chini ya turubai, praimu ya f/1.8 bila fleshi inatoa rangi rahisi kusahihisha kuliko fleshi iliyochanganyika na turubai.

Katikati ya kambi hizi mbili ipo Sigma 18-35mm f/1.8 DC HSM Art, ya mwaka 2013, kwa ajili ya kropu. Ni zumu ya kwanza ya DSLR iliyoshikilia f/1.8 mwanzo hadi mwisho, na ni kama praimu tatu zilizofungwa kwenye pipa moja. Ina gramu 810 na haina kituliza mtikisiko, na kwenye baadhi ya bodi fokasi yake huhitaji kurekebishwa kwanza ndipo itulie. Kwa mtu wa video za ukumbini mwenye kropu ningemwambia asitafute kingine. Kwa wa picha za mnato anayetembea siku nzima, ajaribu kuishika kwa saa moja kabla ya kulipa.

Jambo moja linalowapata wote, hata wenye lenzi ya gharama. Umeme wetu ni wa herzi 50, hivyo taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipata tundu kubwa utashawishika kupandisha shata hadi 1/500, halafu utaona mistari ya giza imekata picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na mistari inakwisha mara nyingi. Kwa hiyo sehemu ya ule mwanga ulioununua kwa pesa nyingi utautumia kushusha ISO, si kuongeza kasi.

Nje ya ukumbi

Ngoma za Wagogo nazipa sentensi zake kwa sababu ni kipimo kigumu kuliko harusi. Akina mama wa muheme, ngoma imebanwa mapajani, wakicheza jua likikaribia kuzama huko Chamwino: miguu inatimua vumbi, mabega yanaruka, na mwanga unapungua kila dakika. Hapo unahitaji shata ya 1/250 angalau, na unahitaji uwe karibu ili vumbi na kundi zima viwemo. 35mm kwenye fulu fremu au karibu 24 kwenye kropu. 85 inakupa uso mzuri, lakini uso bila miguu katika muheme ni nusu ya habari.

Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni kinyume chake. Iko chini ya vivuli vya miamba, mwanga ni mdogo, na watu wanafikiri hapo pia wanahitaji f/1.4. Mwamba hauchezi. Weka kamera kwenye stendi, f/8, ISO 100, shata iwe ndefu itakavyo, na lenzi ile ya 18-55 uliyotaka kuiuza itakutoa bila aibu. Vivyo hivyo kwa taa za Nyerere Square na majengo ya mjini usiku: pesa ya lenzi nunua stendi nzito, maana upepo wa hapa unazitikisa nyepesi.

Nyota zinahitaji vyote viwili, stendi na tundu kubwa, kwa sababu zinatembea. Kanuni ya haraka ni 500 kugawanya kwa urefu wa lenzi kama inavyoonekana kwenye fulu fremu: 50mm kwenye Canon ya kropu inakuruhusu sekunde 6 tu kabla nyota hazijawa vistari, 35 kwenye Nikon ya kropu kama 9, 14mm kwenye fulu fremu kama 35. Ndiyo maana watu wa nyota wananunua Samyang 14mm f/2.8 ya kufokasi kwa mkono na hawajali kwamba si f/1.4. Kati ya Mei na Oktoba mvua hakuna, na ukitoka mjini kuelekea Bahi au Kongwa, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi.

Ukinunua mtumba

Lenzi nyingi zinatufikia kutoka Dar es Salaam, na Pwani ina unyevu. Fangasi ndani ya kioo inaota kwenye unyevu, kwa hiyo lenzi iliyokaa miaka kabatini Kariakoo au Zanzibar inaweza kuwa nayo hata kama nje inang'aa. Kioo kilichokaa muda wote Dodoma mara nyingi kinasalimika na fangasi, lakini kina vumbi, na pete ya fokasi inakwaruza ukiizungusha kama kuna mchanga ndani. Kati ya mawili hayo chukua ya vumbi: punje chache ndani hazionekani kwenye picha, fangasi inapunguza ukali na huendelea kuota.

Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama mbele; nyuzinyuzi kama za buibui ndizo fangasi. Ifunge kwenye kamera yako, si ya muuzaji. Weka tundu wazi kabisa, piga gazeti lililobandikwa ukutani kutoka mita mbili, mara kadhaa, kila mara ukiipoteza fokasi na kuiacha iitafute upya. Kuza kila picha. Kama herufi za katikati ni kali mara moja na laini mara nyingine, fokasi yake haiaminiki na bei yoyote ni kubwa. Kisha weka f/8, piga tena; picha ikitoka na mwanga mwingi kuliko ile ya kwanza kwa mipangilio inayolingana, pazia la tundu limeganda kwa mafuta.